Si Kila Akimbiaye Ana Hatia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, Ambaye kwake hapotei aliyedhulumiwa. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, liko swali moja ambalo watu wa nchi nyingi wanabishana juu yake, na aghlabu linapozuka huzuka pamoja na jeneza. Swali lenyewe ni hili: mtu akimwona askari polisi akakimbia, je, kukimbia kwake ni ushahidi kuwa ametenda kosa? Na askari anayemfukuza, je, haki yake ya kufukuza ina mpaka, au aweza kumwandama popote, na litakalompata mwenye kufukuzwa ni juu yake mwenyewe? Wako wasemao kwamba asiye na hatia hakimbii, kwa hiyo akimbiaye amekwisha kujihukumu. Na wako wasemao kwamba polisi ni adui tu, na kila amkimbiaye ana haki. Sisi twaona kauli zote mbili zimepotoka, na twataka kueleza, kwa kadiri ya elimu yetu ndogo, njia iliyo baina yake.

Maneno matupu yasiyo na mfano hayamfai mtu. Kwa hiyo tutashika tukio moja la kweli lililotokea katika nchi ya Ufaransa mwaka 2005. Tumelichagua kwa kuwa waliofikwa nalo walikuwa watoto wa Kiislamu, tena katika mwezi wa Ramadhani. Fauka ya hayo, Ufaransa haiko mbali na pwani yetu kama idhaniwavyo. Nyumba nyingi za kwetu zina jamaa Ngazija, na watu wa Ngazija wana watoto na wajukuu katika miji ya Marseille na Paris. Linalowapata vijana kule huliliwa huku.

Siku ya Alhamisi, tarehe 27 Oktoba 2005, katika kumi la mwisho la Ramadhani, kundi la vijana wapatao kumi walikuwa wakirejea kutoka kucheza mpira. Makwao ni Clichy-sous-Bois, mji mdogo wa watu maskini ulio upande wa mashariki wa Paris. Jua lilikuwa likielekea kuchwa, na mama zao walikuwa jikoni wakiandaa futari. Njiani walipita karibu na mahali palipokuwa pakijengwa. Mtu mmoja aliyekuwa jirani na hapo aliwaona, akawadhania wezi, akapiga simu polisi. Askari wakaja, na vijana walipowaona wakatawanyika mbio.

Sita kati yao walikamatwa, wakapelekwa kituoni. Watatu walikimbia mpaka penye uzio wa kituo cha umeme, mahali penye mitambo mikubwa ya transfoma, wakaruka ukuta na kujificha ndani. Wakakaa humo kadiri ya nusu saa. Kisha, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi za jioni, umeme uliwapiga. Zyed Benna, mwenye umri wa miaka 17, na Bouna Traoré, mwenye umri wa miaka 15, walikufa pale pale. Baba zao walikuwa wahamiaji, mmoja kutoka Tunisia na wa pili kutoka Mauritania. Yule wa tatu aliungua vibaya, lakini kwa kudura ya Mungu akapata nguvu ya kutoka na kwenda kuita watu. Taa za mji zilizimika saa ile ile, na watu wakafuturu gizani bila ya kujua kwa nini.

Na sasa, ndugu msomaji, sikiliza jambo hili. Uchunguzi ulipofanywa haukuonekana wizi wowote. Wale sita waliokamatwa waliachiliwa bila ya mashitaka. Hata hivyo, kabla ya uchunguzi kukamilika, wakubwa wa serikali walikwisha kutoa kauli. Waziri Mkuu wa wakati ule, Dominique de Villepin, aliwataja vijana hao kwa jambo la wizi. Na Waziri wa Mambo ya Ndani, Nicolas Sarkozy, alisema kwamba polisi hawakuwa wakiwafukuza. Basi wale waliokufa wakavishwa jina la wezi kabla ya kuvishwa sanda zao.

Baadaye ikajulikana kuwa askari mmoja aliyewaona wakielekea kwenye kituo kile aliwaarifu wenzake kwa simu ya upepo, akasema maneno ambayo maana yake ni kuwa wakiingia mle, yeye hana tumaini kubwa la kutoka kwao wazima. Hatari aliijua, akaitaja kwa ulimi wake. Lakini hakuna aliyepiga simu kwa watu wa umeme ili mitambo izimwe, wala aliyesimama penye ukuta akawapigia kelele watoke.

Kesi ya jambo hili ilichukua miaka 10 hata kufika mbele ya mahakimu. Askari wawili walishitakiwa kwa kosa la kutomsaidia mtu aliye hatarini. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya Paris iliona hapana kesi. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikautengua uamuzi huo. Mwezi wa Machi 2015 kesi ikasikilizwa katika mji wa Rennes. Na tarehe 18 Mei 2015 askari wote wawili wakaachiwa huru. Mahakama ilisema kwamba haikuthibitika kuwa walikuwa na yakini ya kuwako hatari ya hakika iliyo karibu. Familia zikaomba rufani juu ya haki yao ya fidia, na mwaka 2016 hilo nalo likakataliwa.

Sisi hatuko hapa kuwahukumu askari wale wawili. Mahakama ya kwao imekwisha sema, na hukumu ya mwisho iko kwa Mola wao na wetu. Linalotushughulisha sisi ni mizani. Kwa kijana, simu ya jirani mmoja na miguu inayokimbia vilitosha kumfanya mwizi kwa muda wa saa moja. Kwa askari, maneno yake mwenyewe ya simu hayakutosha baada ya miaka 10. Hatusemi kwamba askari angalihukumiwa kwa dhana, hasha! Twasema kwamba ile subira, na ule uchunguzi, na ule upole wa kutohukumu bila ya yakini aliopewa askari, ndio huo huo aliostahiki kupewa mtoto. Mizani yenye jiwe zito upande mmoja na jepesi upande wa pili haiitwi mizani, hata ikiwa imetundikwa katika nyumba ya mahakama.

Tuitazame dini yetu inasemaje. Katika Sura Al-Hujuraat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha Waumini kwamba wakijiwa na habari na mtu asiyeaminika, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 12, anawakataza dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Haya si mafundisho ya wazee barazani tu. Ni msingi wa kazi ya kila mwenye amri. Anayeshika rungu na pingu ana haja ya aya hizi kuliko mwengine yeyote, kwa sababu dhana ya mtu dhaifu huishia moyoni mwake, lakini dhana ya mwenye nguvu hutoka nje ikawa tendo.

Na wafasiri wengi wametaja sababu ya kushuka kwa aya za Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wanaeleza kwamba katika mji wa Madina watu wa nyumba moja iliyojinasibisha na Uislamu waliiba, kisha wizi ule wakamtupia Myahudi mmoja. Jamaa zao wakasimama kuwatetea, na mambo yakakaribia kumwendea vibaya yule asiyekuwa na kosa. Hapo Wahyi ukateremka kumsafisha. Tafakari, ndugu yangu: aya za Kurani, zinazosomwa katika sala mpaka Siku ya Kiyama, zimeshuka kumwondolea tuhuma mtu asiyekuwa wa dini ya wale waliomtuhumu. Baada ya haya, ni Mwislamu gani awezaye kusema kwamba haki ni ya watu wa kwetu tu?

Lakini liko jambo lililo karibu zaidi na maudhui yetu, nalo ni la kumfukuza mtu anayekimbia. Sahaba mtukufu Usama bin Zayd (R.A.) alipelekwa pamoja na jeshi, na yeye pamoja na mtu mmoja wa Ansari wakamwandama mtu wa upande wa maadui aliyekimbia, hata wakamfikia. Walipomzidi, akatamka shahada. Yule Ansari akauzuia mkono wake, lakini Usama akampiga akamwua. Habari ilipomfikia Bwana Mtume (S.A.W.) alimkemea ukali mkubwa. Usama akatoa udhuru kwamba yule mtu alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume akamwuliza kama alimpasua moyo wake akajua lililomo ndani. Na akarudia kumlaumu mpaka Usama akatamani kuwa angalisilimu siku ile tu, ili dhambi ile iwe imefutika. Na huyu Usama alikuwa kipenzi cha Mtume na mtoto wa kipenzi chake! Kupendwa hakukumwondolea kuulizwa.

Na ziko habari za Maiz (R.A.), mtu aliyekwenda kwa Mtume akakiri mwenyewe kosa kubwa. Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara, naye akashikilia kukiri mpaka ikapitishwa hukumu. Ilipoanza kutekelezwa, maumivu yakamshinda, akakimbia. Watu wakamfukuza, wakampata, wakammaliza. Mtume alipoambiwa alisikitika, akauliza kwa nini hawakumwacha, huenda angalitubu na Mwenyezi Mungu akaipokea toba yake. Basi tazama! Huyu si mtu wa kudhaniwa. Alikwisha kukiri na hukumu ilikwisha kupita. Juu ya hivyo, alipogeuza mgongo kukimbia, Mtume hakuwasifu waliomwandama. Ikiwa mkosaji aliyekiri amefanyiwa huruma hii, itakuwaje mtoto wa miaka 15 ambaye hakuiba chochote, anayekimbilia kwao kwenda kufuturu?

Kadhaalika Sayyidna Ali (R.A.), katika vita vya Jamal mwaka wa 36 wa Hijra, alitangaza kwamba anayekimbia asiandamwe na majeruhi asimaliziwe. Vita vyenyewe vina mpaka; basi itawezekanaje polisi, ambao hawamo vitani bali wamo kati ya raia wao, wasiwe na mpaka?

Na wasiokuwa Waislamu nao, walipofikiri sana, walifika karibu na hapo. Marekani ilirithi kutoka kwa sheria za zamani za Uingereza kanuni iliyomruhusu askari kumpiga risasi mkosaji wa kosa kubwa anayekimbia, hata kama hana silaha. Mwaka 1974, katika mji wa Memphis, askari alimpiga risasi kijana wa miaka 15 aliyekuwa akipanda uzio kukimbia baada ya kuvunja nyumba. Alipatikana na mkoba na dola 10. Huyu alikuwa ameiba kweli. Lakini dola 10 na roho ya mtoto havipimwi katika kitanga kimoja. Baba yake alidai haki miaka mingi, na mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba haijuzu kumwua anayekimbia ikiwa hapana sababu ya kuamini kuwa ni hatari kwa maisha ya askari au ya watu wengine.

Sasa twapenda kuwafanyia askari insafu, kwani anayedai uadilifu naye hana budi awe mwadilifu. Kazi ya polisi ni nzito. Usiku sisi tumelala, wao wako njiani. Anayepiga simu akalia kuwa ameibiwa humtaka askari aje mbio, wala hataki kusikia habari za subira. Wako wakosaji ambao wakiachwa wakimbie wataua. Wako madereva ambao, wakiambiwa simama, humwelekezea askari gari. Na huko Ufaransa madereva wanaokataa kusimama huhesabiwa zaidi ya 20,000 kila mwaka. Askari naye ana mke na watoto wanaomngoja. Mwenye kusema kwamba polisi wasimfukuze mtu kamwe, huyo hajapata kuvunjiwa nyumba yake.

Bali twasema hivi: haki ya kufukuza ni amana, na kila amana ina masharti. La kwanza, pawe na kosa lenye dalili, isiwe rangi ya mtu wala mtaa atokao. Mwaka 2017 ofisi ya serikali ya Ufaransa yenye kazi ya kulinda haki za raia ilitoa matokeo ya uchunguzi wake uliowahoji watu zaidi ya 5,000. Ikaonekana kwamba vijana wa kiume wanaodhaniwa kuwa ni Waarabu au weusi hupatikana na kusimamishwa na polisi mara 20 zaidi kuliko watu wengine. Anayesimamishwa mara ishirini, mara ya ishirini na moja hukimbia. Kisha huambiwa kwamba kukimbia kwake ndiko kulikothibitisha ubaya wake. La pili, kishindo cha kufukuza kiwe kwa kadiri ya kosa. Mwenye kutuhumiwa kuchukua ubao wa mjenzi asiandamwe kama muuaji. La tatu, anayefukuza akiona kwamba yule mbele yake anaelekea kwenye mauti, kazi yake imegeuka saa hiyo hiyo: alikuwa mkamataji, sasa amekuwa mwokozi. Na la nne, anayefukuza akubali kuulizwa baadaye kama anavyoulizwa aliyefukuzwa.

Masharti haya si ya zamani wala si ya mwaka 2005 peke yake. Mwezi wa Februari 2017 Ufaransa ilipitisha sheria iliyopanua nafasi ya polisi kutumia bunduki juu ya gari lisilosimama. Mwaka 2022 watu 13 waliuawa kwa risasi za polisi katika mambo ya magari namna hiyo. Kisha, tarehe 27 Juni 2023, katika mji wa Nanterre, kijana wa miaka 17 aitwaye Nahel aliuawa ndani ya gari. Yeye alikuwa na kosa: aliendesha gari bila ya leseni, na aliamriwa kusimama asisimame, mpaka msongamano wa magari ulipomzuia. Habari za kwanza zilizotolewa zilisema kwamba aliwaelekezea askari gari. Lakini mpita njia alikuwa amepiga picha za sinema kwa simu yake, na picha zilionyesha askari wamesimama ubavuni mwa gari, na bunduki imeelekezwa dirishani. Askari aliyepiga akashitakiwa kwa kuua.

Lau si picha zile, kauli gani ingalibaki? Na nchi nzima ikagawanyika. Watu wakachanga fedha kwa ajili ya jamaa za askari, zikapita yuro milioni moja na nusu katika siku chache. Na mchango wa mama yake maiti haukufika nusu ya hapo. Hatuwalaumu wenye kumsaidia mtu aliyeingia katika shida, kwani jamaa zake hawakuua. Lakini ni dalili ya kuwa watu walikwisha kuchagua upande kabla ya kuuliza nini kilichotokea; na hiyo ndiyo maradhi tunayoieleza tangu mwanzo.

Hapa twawageukia vijana wetu, maana wao nao wana jambo la kuambiwa. Baada ya mauti ya Zyed na Bouna, hasira iliwaka. Mnamo tarehe 30 Oktoba moshi wa kutoa machozi uliingia katika msikiti wa Bilal pale Clichy-sous-Bois, watu wamo katika ibada za usiku wa Ramadhani, na hasira ikazidi. Ghasia zikaenea nchi nzima kwa muda wa wiki tatu, magari yapatayo 10,000 yakateketezwa, na tarehe 8 Novemba serikali ikatangaza hali ya hatari kwa sheria ya mwaka 1955, iliyotungwa wakati wa vita vya Algeria. Basi tuulize: magari yale yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya majirani, baba za watu maskini kama wao, walioamka asubuhi wakakosa chombo cha kwendea kazini. Shule zilizochomwa zilikuwa za wadogo zao. Mwenyezi Mungu amekwisha kutuambia kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Kanuni hii ndiyo iliyovunjwa na askari anayemtuhumu kijana kwa sababu ya mtaa wake. Na ndiyo hiyo hiyo iliyovunjwa na kijana anayemchomea jirani gari kwa sababu ya kosa la askari. Dhulma ya pili haikumrudishia mama yeyote mtoto wake.

Na inafaa ijulikane kuwa wenye msiba wenyewe hawakutaka moto. Familia za Clichy ziliomba utulivu, na siku mbili baada ya mauti watu waliandamana kimya kimya, wamevaa fulana zilizoandikwa kuwa watoto wale wamekufa bure. Mwaka uliofuata watu wa mtaa ule ule walikwisha kuzunguka miji mingi ya Ufaransa wakikusanya kwa kalamu malalamiko ya maelfu ya raia, wakayachukua mpaka Bunge la nchi. Na mwaka 2023 bibi yake Nahel, na majonzi yake mabichi moyoni, aliwataka vijana waache kuvunja. Subira ya namna hii si unyonge. Mnyonge hunyamaza, hawa walisema, wakaandika, wakasimama mahakamani miaka 10, na hawakumdhulumu mtu.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Sisi tunafundisha chuoni kwa miaka mingi. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, tuliwauliza wanafunzi wetu, watoto wa miaka 10 mpaka 14: “Askari wakiingia mtaani ghafla, nanyi mmekaa hapo nje hamna kosa, mtafanya nini?” Karibu wote walijibu kuwa watakimbia. Tukawauliza, mtakimbilia nini nanyi hamkutenda neno? Mmoja wao, mtoto mpole aliyehifadhi juzuu tatu, akatujibu: “Maalim, asiyekimbia ndiye anayeshikwa.”

Jawabu lile lilitunyamazisha. Mtoto huyu hakuzaliwa na hofu hiyo. Ameiona kwa macho. Ameona kaka wa jirani aliyekaa barazani akazolewa pamoja na wengine katika msako, akalala ndani siku mbili, kisha akaachiliwa bila ya kuambiwa kosa lake wala kuombwa radhi. Kutoka hapo akajifunza somo ambalo sisi hatukumfundisha, nalo ni kwamba kutokuwa na hatia hakumkingi mtu, na kinachomkinga ni miguu yake. Watoto wa Clichy nao walijifunza somo hilo hilo, na ndilo lililowapandisha ukuta. Serikali yoyote ambayo watoto wake wema huikimbia kama wanavyoikimbia wezi, yafaa ijiulize yenyewe kabla ya kuwauliza watoto.

Basi nasaha zetu ni hizi. Kwa wazazi: wafundisheni watoto wenu kwamba askari akiwaita wasimame, waonyeshe mikono yao, waseme majina yao na ya baba zao kwa adabu, wasikimbie na wasitukane. Twalisema hili ijapokuwa twajua kuwa huenda mwenye kusimama akadhulumiwa, kwa kuwa aliyeshikwa kwa dhulma hutafutwa na wazee wake akatolewa, lakini aliyekufa hakuna wa kumtoa. Mtoto akishikwa, wazee waende kituoni pamoja, na wawe na imamu wa msikiti na mtu ajuaye sheria. Waandike siku, saa, na yaliyosemwa. Na wakidhulumiwa wadai kwa njia ya haki bila ya kuchoka. Kutodai ni kumfungulia mlango dhalimu aingie nyumba ya pili.

Kwa majirani: kabla ya kupiga simu, tazama mara ya pili. Wale vijana walipita tu. Ulimi mmoja uliodhania ulitangulia mambo yote haya.

Kwa ndugu zetu walio katika kazi ya polisi, na wengi wao ni Waislamu wenzetu tunaosali nao safu moja: kumbukeni kwamba Makuraishi walipotaka mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum aachiliwe wizi wake, walimtuma huyo huyo Usama aende akamwombee. Mtume (S.A.W.) akaghadhibika, akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu akiiba mtukufu wao walimwacha, na akiiba mnyonge walimhukumu, akaapa kuwa hata binti yake Fatima angaliiba, hukumu ingalimpata. Nanyi basi jiulizeni: mtoto yule akimbiaye vichochoroni, lau angalikuwa mtoto wa mkubwa wa kituo chako, ungalimfukuza hivyo? Ukiwa jibu lako ni ndiyo, endelea, na Mungu akulinde. Ukiwa ni la, simama hapo ulipo, kwani anayekuandama wewe hafichiki, wala hapana ukuta wa kumkimbilia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu watoto wote waliokufa katika hofu, awape wazazi wao subira njema, awalinde askari waadilifu, na awaongoze wale ambao nguvu zimewapofusha. Wabillahi tawfiq.